Ulifika Mapema Mno

Jumanne, 4 Machi

Kaka,

Kuna mlio mmoja ambao haujawahi kunitoka masikioni. Unakumbuka mama alivyokuwa akiiweka simu yake ndani ya bakuli la bati juu ya kabati la vyombo, akiamini bakuli linaongeza sauti? Siku uliyosafiri kwenda kusoma ng'ambo, ujumbe wako ulipoingia, bakuli zima lilitetemeka na kulia kama kengele ya shule iliyopasuka. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi. Aliiachia pasi pale pale juu ya kitambaa, akakimbia. "Nimefika salama mama. Baridi kali. Nitapiga." Alisoma kwa sauti, akasoma tena, akacheza jikoni na sare nusu imenyooka nusu ina makunyanzi. Mimi nilikuwa nacheka huku nalia. Sare ile hadi leo ina alama ya pasi kwenye kiuno.

Kwa miaka mitatu nimeubeba mlio ule kama sauti ya furaha ya nyumba yetu. Jana umenigeukia.

Mama anasafiri Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Najua unajua, na najua hujafurahi ulivyopaswa kufurahi. Wauguzi wenzake wamemnunulia tiketi iwe zawadi ya kustaafu, karatasi zote zimetoka, na ndege ni ile ile uliyopanda wewe, inayoondoka saa mbili asubuhi. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako, hebu nipigie hesabu, nitakaa angani muda gani?"

Ni kazi yangu kweli. Shirika letu la ndege ni dogo na ndege zetu haziendi mbali, lakini hesabu ni ile ile: umbali, upepo, mafuta. Nikafungua ramani kazini wakati wa mapumziko. Mwenzangu wa meza ya pili akachungulia akasema, "Mama yako anasafiri au anahamia mwezini?" Tukacheka. Kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, upepo wa mbele karibu njia nzima. Jibu: mwendo wa saa kumi na sita.

Kisha nikaacha kucheka. Mlio wa bakuli niliusikia saa kumi na moja jioni. Nina hakika, kwa sababu gari la hospitali la kumchukua mama kwa zamu ya usiku lilikuwa halijapiga honi, nalo halikuwahi kuchelewa. Toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa tisa tu.

Saa hiyo, Kaka, ulipaswa kuwa bado juu ya bahari.

Nimerudia hesabu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri kwa mkuu wangu wa zamu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanichekesha, na nikishacheka nitasahau nilichotaka kuuliza. Ulikuwa wapi?

Mdogo wako

*

Jumatano, 5 Machi

Profesa,

Yaani mtu anakaa miaka mitatu, anakula, analala, anapata na kazi nzuri, halafu siku moja anaamka anadai risiti ya ujumbe wa simu! Nilijua ukishaajiriwa kupima mbingu utatusumbua, lakini sikujua utaanza na mimi.

Ni jambo dogo sana. Tulitua njiani kujaza mafuta. Nikaona bora nimtumie mama neno mapema, aende zamu moyo wake ukiwa umetulia, kwa sababu ningesubiri kufika angekuwa wodini anachoma watu sindano. Kosa langu ni kumpenda mama. Nihukumu kwa hilo.

Hili la safari yake ndilo la kuzungumza. Mdogo wangu, hebu zungumza naye kwa upole, wewe anakusikiliza. Saa zote hizo na miguu yake ile inayovimba? Halafu kazini wananihamisha, sijui hata nitakuwa mji gani mwezi huu. Aahirishe hadi mwakani. Mwambie baridi ya huku inakata masikio. Mwambie chochote.

Na uache kuhesabu watu waliokwisha kufika.

Kaka yako

*

Ijumaa, 7 Machi

Kaka,

Ndege ile haitui njiani. Haijawahi kutua njiani tangu ianze safari hizo. Nimeuliza watu wanaoipangia njia, si watu wa barazani.

Na mtu aliyetua njiani kujaza mafuta haandiki "nimefika", wala haandiki "baridi kali".

Siku mbili hizi nimekuwa nikijiuliza zile saa tisa zilitoka wapi. Uongo wa ovyo ungekuwa wa saa kumi, saa kumi na mbili, chochote. Mbona tisa kamili? Leo asubuhi nilikuwa napiga mswaki, nikaona. Tiketi ya mama iko mlangoni mwa jokofu, ameibandika pale kama cheti. Inasema kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa kumi na moja jioni. Ukisoma haraka, ukatoa moja kwa nyingine, unapata tisa. Lakini saa ya kufika huandikwa kwa saa za huko, na huko wako nyuma yetu kwa saa saba. Tisa na saba ni kumi na sita.

Abiria aliyekuwa ndani ya ndege ile asingeweza kukosea hivyo. Mgongo wake ungemwambia, njaa ingemwambia, dirisha lingemwambia. Kosa hilo linaweza kufanywa na mtu mmoja tu: mtu aliyekaa chini, ardhini, tiketi mkononi, akingoja muda ufike wa kutuma ujumbe.

Sikuwahi kudhani hesabu inaweza kuniogopesha.

Uko gerezani? Unaumwa? Kuna mtu anakushikilia akikulazimisha kupiga simu zile za Jumapili? Kama ndivyo, andika neno lolote la kipumbavu na nitaelewa. Mama atatua kule Ijumaa, atatoka na begi lake, ataanza kutafuta uso wako kati ya nyuso za watu. Atakusubiri. Unamjua, hataondoka pale hata wakizima taa.

Niambie uko wapi.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu,

Siko gerezani. Siumwi.

Niko hapa hapa. Niko mji wa kiwanda cha saruji. Natengeneza majokofu katika karakana iliyo nyuma ya uwanja mdogo wa ndege. Ndege yenu ya asubuhi hupita juu ya paa letu la bati, na fundi mwenzangu husema, "Hao matajiri wamekuja, kaza skrubu." Dakika arobaini kwa ndege kutoka kwenu. Nilipopata habari kwamba umeajiriwa na shirika hilo hilo, kwa wiki nzima nikawa kila nikisikia ndege nainamisha kichwa, kana kwamba unachungulia dirishani.

Sikuwahi kupanda ndege ile. Sikuwahi kuondoka nchini. Picha ya theluji niliyowatumia niliitoa mtandaoni. Nafasi ya masomo waliifuta niliposhindwa kuripoti, na barua yao ilikuwa ya heshima sana.

Umegundua kosa la saa. Mimi mwenyewe nililigundua wiki moja baadaye, mama aliponiuliza, "Huko saa hizi ni saa ngapi?" Nikaangalia, nikaona nimekosea kwa saa saba. Nikasema kwisha, leo wataniuliza. Nikangoja. Hakuna aliyeuliza, wiki hiyo wala mwezi huo. Mlikuwa mmefurahi mno hamkuhesabu. Laiti mngeniuliza siku zile, ningesema. Naapa ningesema. Baada ya hapo kila Jumapili niliongeza tofali moja, na sasa ni ghorofa.

Kuna jingine na ni bora ulipate lote kwa pamoja. Nina mke. Nina mtoto wa kike, anatembea tayari. Nimempa jina la mama. Mtaani wanamwita Kanali kwa jinsi anavyotoa amri. Wewe ni shangazi.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Mzuie mama. Uko ndani ya mambo ya ndege, watu watakuamini. Mwambie safari zimefutwa. Mwambie daktari wa shirika amekataa miguu yake. Unipe muda kidogo nijipange, nitakuja mwenyewe, nitapiga magoti. Akisikia sasa, kwa njia hii, itamuua.

Kaka yako

*

Jumapili, 9 Machi

Wewe,

Sijui nikuite nani.

Nilisoma barua yako nikiwa zamu. Nilikwenda chooni nikakaa juu ya mfuniko na nguo zangu zote, nikaisoma mpaka mwanga wa simu ukazima. Mwenzangu akagonga: "Dada, umezama?" Nikamjibu tumbo. Nikarudi mezani, na kazi iliyokuwa ikinisubiri ni mpango wa ndege ya mji wa saruji.

Unajua nimeandika mipango mingapi ya njia hiyo? Najua vilima vyake. Najua upepo wake wa Machi unavyosukuma kutoka kushoto. Kila asubuhi nimekuwa nikihesabu mafuta ya ndege inayopita juu ya kichwa chako, halafu nikirudi nyumbani namsikiliza mama akiniambia jinsi ulivyo mbali. Alikuwa akilisema neno hilo kwa fahari. "Mwanangu yuko mbaaali," akiwaambia wagonjwa, kama mtu anayetaja cheo chako.

Tulisimama kwenye uzio siku ile. Sikuwahi kukuambia. Mama aliomba ruhusa ya asubuhi, tukasimama kwenye uzio wa uwanja na kanga yake, na ndege ilipoinuka akaipungia mpaka ikawa nukta. Akaniambia, "Ameniona, nimeona mkono dirishani." Tulikuwa tunampungia nani, Kaka? Niambie, tulikuwa tunampungia nani?

Umesema nimzuie. Nimdanganye kwa kazi yangu, kwa kitu pekee ninachokijua kikamilifu. Jana amekunja masweta manne. Mawili amekufumia wewe. Amesimama mbele ya kioo na koti alilopewa na daktari wa watoto, mikono imemzidi, akaniuliza, "Nafanana na watu wa huko?" Nimesema ndiyo.

Nimesema ndiyo nikiwa najua. Tayari umeshanifanya mwongo mwenzako.

Nani alikuzuia? Polisi? Karatasi? Nipe hata mtu wa kumchukia.

Nina mpwa, na simjui sura.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 10 Machi

Mwanangu mpendwa,

Ni mimi mama yako, mdogo wako anachapa, mimi nasema. Nimemwambia achape kila neno asirembe.

Nimesikia unahamishwa kazi. Usihangaike. Mimi sihitaji mji, nakuhitaji wewe. Hata ukinipokea hapo uwanja wa ndege tukae kwenye benchi siku zote hizo, nitarudi nimeshiba. Nitavaa gauni la bluu ili usinipotee. Mdogo wako ananiambia saa za huko ziko nyuma, kwa hiyo nitakaa angani siku nzima na bado nitafika jioni ya siku ile ile. Nimecheka sana. Nimewaambia wodini kwamba nazidi kuwa kijana.

Ninaogopa kidogo, sitakuficha. Sijawahi kupanda hata ndege ndogo. Lakini nimeshika mikono ya watu wengi wakipita mahali pabaya kuliko angani.

Mwanangu, Jumapili sauti yako ilikuwa nzito. Kazi yangu imenifundisha kusikiliza watu wanaosema "sijambo, sista" huku shuka limelowa damu. Kama una donda, usilifunike kwa sababu yangu. Mimi sitapiki. Nimeshaona mengi.

Mbona umeacha kuchapa? Chapa hilo pia. Anasema macho yana vumbi. Nyumba hii haina vumbi, naifagia mwenyewe.

Ijumaa tutaonana.

Mama yako

*

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua ya mama karakanani. Ilibidi niingize kichwa ndani ya jokofu la mteja nijifanye natafuta hitilafu.

Umeuliza nani alinizuia. Nimetafuta mtu wa kukupa, sina. Karatasi zilikuwa safi. Nilipita kila meza. Nilikaa pale mlangoni pa kupandia ndege, begi magotini, nikatazama watu wanaingia mmoja mmoja. Nikawaza wale waliotoka mtaani kunisindikiza, yule mwalimu aliyelia, mama na zamu zake za usiku. Nikawaza nikishindwa masomo kule itakuwaje. Nikasema nitaingia wa mwisho. Wakabaki wawili, akabaki mmoja, nikabaki mimi.

Wakaita jina langu kwenye kipaza sauti. Wakaita tena. Akaja dada mmoja wa shirika anakimbia, amevua viatu vyake vya kisigino ameshika mkononi, akapita akiita jina langu kwa kila aliyekaa pale. Akanifikia. Akaniuliza, "Ni wewe?"

Nikamjibu, "Hapana."

Basi. Ni neno moja. Sijui lilitoka wapi. Akashukuru, akakimbilia wengine.

Mke wangu anajua. Kila Jumapili nikimpigia mama yeye hutoka nje na mtoto ili asisikike. Juzi ameniambia amechoka kumziba mtoto mdomo.

Bado nakuomba. Siku tatu zimebaki. Usimwambie. Futa safari, mengine niachie.

Kaka yako

*

Alhamisi, 13 Machi

Kaka,

Sikuifuta. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu kazini.

Nilitaka sana kukutii. Juzi jioni niliandaa uongo wako wote, nikaufanyia mazoezi nikioga: upepo mkali, safari zimesimama, tutajulishwa. Ulikuwa uongo mzuri, wa kitaalamu, mama asingeuliza hata swali moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona jinsi ulivyo mwepesi. Niliona kwamba hukuwa mtu mbaya siku ile mlangoni, ulikuwa mtu kama mimi bafuni, na kwamba kesho yake ningelazimika kuongeza tofali langu.

Jana mchana mama alirudi kutoka kuwaaga wa wodini, mikono imejaa maua. Nikamwambia kabla hajakaa. Nilianza na neno "hapa hapa", kama ulivyoanza wewe.

Hakulia, wala hakuanguka kama ulivyoogopa. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akavua kiatu kimoja, akabaki hivyo, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Maua yalikuwa bado kwapani. Nikamweleza lango, kipaza sauti, yule dada mwenye viatu mkononi. Nikamweleza karakana, mkeo, mtoto. Niliposema jina la mtoto alifumba macho. Nilikuwa tayari kwa kila kitu. Nilidhani ataniuliza kwa nini, au ataniuliza tangu lini nimejua.

Akaniuliza, "Siku ile alilala wapi?"

Barua zote hizi tumeandikiana, nimekuhoji kama hakimu juu ya dakika na upepo, na sikuwahi kukuuliza hilo. Akarudia: "Usiku ule mimi nilikuwa zamu, nawafunika watoto wa watu. Wangu alilala wapi?" Kisha akayaweka maua ndani ya sinki, akaanza kutoa masweta begini, moja moja, akiyapanga upya. Mawili akayarudisha ndani.

Sijui kama amekusamehe. Hakusema, na mimi sikumuuliza. Usiniulize mimi pia. Kuna saa nakuonea huruma, na kuna saa natamani kukutupia kitu kizito. Tiketi ya mbali nimeirudisha kwa wakala jana hiyo hiyo kabla hawajafunga. Wauguzi wenzake nitawaeleza mwenyewe.

Leo asubuhi nimempeleka mama uwanjani kwetu. Amevaa gauni la bluu. Nimempatia kiti cha dirishani upande wa kulia, ambako jua halimpigi. Mpango wa safari nimeuandika mimi, nikauhakiki, nikampa mkuu wa zamu naye auhakiki, maana mkono wangu haukuwa wa kuaminika. Rubani nimemwambia, "Huyo wa bluu ni mama yangu, ni mara yake ya kwanza." Akanijibu, "Nitaibeba kama trei ya mayai."

Mlango umefungwa. Ndege imeinuka, nimeiona kwa macho yangu, na sasa ni alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta yangu, inapita juu ya vilima. Usinijibu, hakuna muda. Weka bisibisi chini, mchukue mkeo na mtoto, nendeni mkasimame pale abiria wanapotokea. Atauliza kama ni wewe.

Mdogo wako